Kuingia Klabu ya Kilimo Ukiwa Kijana wa Goma

Mji wa Goma haukupewa udongo mwingi. Januari 17, 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilishuka, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaukata mji katikati na kuingia ziwani. Mei 22, 2021 ikashuka tena, na safari hiyo ikaishia kando ya mji, upande wa Buhene. Kuna parseli ambamo jembe linagonga jiwe jeusi kabla halijazama. Hata hivyo lengalenga, poaro na shu, yaani kabichi, tunazokula kila siku hazitoki mbali: Kibumba, Rusayo, Sake, Minova, Masisi. Kijana aliyezaliwa mjini anaziona zikipita juu ya chukudu, kigari cha mbao cha kubebea mizigo, anazinunua kwa fungu sokoni Virunga, na hajawahi kuona mbegu yake.

Klabu ya kilimo inaweza kumtoa hapo. Ila vikundi vya vijana ni vingi, na vingine umri wake ni umri wa fulana. Mradi unakuja, fulana zinagawiwa, watu wanapigwa picha kando ya bango, mradi unakwisha, kikundi nacho kinakwisha. Unachotafuta wewe ni kikundi chenye vitu viwili: udongo na daftari. Mengine yanaweza kusubiri.

Hatua ya 1: Malizana na nyumbani

Wengi huanza kwa kutafuta klabu, kisha wanakwama mlangoni kwao. Familia nyingi za Goma zilifika hapa zikikimbia vita vya Masisi, Rutshuru na kwingineko. Shamba lilibaki huko pamoja na mengi yasiyosemwa mezani. Kwa mzazi wa namna hiyo, shule ndiyo ngazi ya kumtoa mtoto kwenye jembe, na sasa mtoto anarudi nyumbani akiliomba jembe lenyewe. Ongeza kwamba shuleni wengi wamelijua jembe kama adhabu ya kuchelewa. Usishangae ukiulizwa kama umefukuzwa darasani.

Kwa hiyo usiingie na hotuba kuhusu mustakabali wa nchi. Sema mahali, saa, mtu na pesa. Kwa mfano:

"Mama, kila Jumamosi kuanzia saa mbili hadi saa sita nitakuwa parokiani na kikundi cha kilimo. Bustani iko ndani ya uzio. Anayetusimamia ni mwalimu wetu wa biolojia, namba yake hii hapa. Mwezi wa kwanza hakuna cha kulipa."

Mama hatauliza kuhusu kilimo. Atauliza: "Na maji ya Jumamosi atateka nani?" Uwe na jibu kabla ya kufungua mdomo. Ukiahidi kujaza mabido, yaani madumu ya maji, Ijumaa jioni, yajaze kweli, maana ruhusa yako inaning'inia hapo.

Papa akikataa kabisa, usibishane. Ruka hadi hatua ya 6, anza na gunia moja uani, umwache aone mwenyewe mboga zikiingia jikoni. Njia hiyo ina historia. Vikundi vya 4-H vya Marekani, vilivyoanzia jimbo la Ohio mwaka 1902 kwa msimamizi wa shule A. B. Graham, vilikuja kujulikana kwa jambo hilo hilo: wazazi waliokuwa wagumu kuamini mbegu mpya walilainika walipoziona kwenye kijishamba cha mtoto wao.

Hatua ya 2: Tafuta kwa miguu

Mwanafunzi wa Kenya anaweza kuulizia klabu ya 4-K shuleni kwake. Jina hilo ni Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, na serikali ilizifufua klabu hizo mwaka 2021. Goma hakuna mlango mmoja wa namna hiyo. Milango ni mingi na midogo.

Anzia unapojulikana. Parokiani, waulize viongozi wa Xaveri, wa Kizito-Anuarite na wa skauti. Hata kama wenyewe hawalimi, huwa wanajua nani analima na wapi. Katika makanisa ya Kiprotestanti, kama yale ya CBCA (jumuiya ya Wabaptisti), uliza kamati ya vijana na pia kamati ya akina mama. Mara nyingi bustani ni ya akina mama, nao wanatafuta mikono. Kama karibu nanyi kuna shule yenye sehemu ya kilimo, nenda siku ya mazoezi ya shambani, si siku ya masomo. Chuo Kikuu cha Goma kina kitivo cha kilimo, na mwanafunzi wa huko, kaka au dada wa jirani yenu pengine, anaweza kukupeleka kwenye kikundi ambacho hakina bango lolote barabarani. Mkuu wa nyumba kumi au shefu wa avenyi naye asisahaulike, kwa kuwa bustani ikianzishwa kwenye avenyi yake hakosi habari.

Tangu kundi la waasi la M23 lilipouchukua mji mwishoni mwa Januari 2025, mengi yamehama. Mashirika yaliyokuwa na ofisi hapa yamepunguza watu, benki zilifunga milango, kambi za waliokimbia vita zilizouzunguka mji zilivunjwa, na bustani zilizokuwa humo zikafa nazo. Bango la mwaka 2023 halikuambii kitu. Nenda uone kama kuna majani mabichi nyuma yake.

Hatua ya 3: Siku ya kwanza, uliza udongo na daftari

Nenda siku ya kazi, ukiwa na nguo za kuchafuka, na ufanye kazi kwanza. Anayekuja kuuliza maswali mikono mfukoni hujibiwa kwa heshima na haambiwi kitu. Baada ya saa moja ya kupalilia, utaambiwa hata yale ambayo hukuuliza.

Kuhusu udongo, swali ni moja: shamba hili ni la nani? Linaweza kuwa la parokia, la shule, la mwanachama, au limekodiwa kwa sezoni. Likiwa limekodiwa, uliza kama kuna karatasi iliyosainiwa na mwenye shamba mbele ya mashahidi. Kuna vikundi vilivyolisafisha shamba la mawe kwa miezi, kisha mwenyewe akaona limependeza, akalichukua tena. Kwa mashamba ya upande wa Kibati na Kibumba, ulizia pia mpaka wa Hifadhi ya Virunga. Kulima ndani ya hifadhi kumekatazwa, na "kila mtu analima pale" si jibu.

Kuhusu daftari, omba kuliona. Klabu hai huandika tarehe, waliokuja, mbegu iliyopandwa na ilikotoka, kilichovunwa, kilicholiwa, kilichouzwa, na pesa ilikokwenda. Litazame daftari lenyewe, si maneno tu. La kweli lina kurasa zenye alama za vidole vya udongo, kalamu za rangi mbili tatu, miandiko tofauti, na mahali palipofutwa kwa hasira. Daftari safi kupita kiasi, mwandiko mmoja na wino mmoja kuanzia Septemba hadi Desemba, limeandikwa usiku mmoja kwa ajili ya mgeni.

Jambo la tatu utaliona bila kuuliza: wasichana wanafanya nini? Kama siku ya kazi wote wako jikoni, na jembe, daftari na ufunguo wa ghala viko kwa wavulana, msichana atajifunza kupika bugali, na hilo analijua tayari. Ukiwa msichana, omba zamu ya daftari tangu mwezi wa kwanza. Uliza pia choo kiko wapi na nani anabaki na ufunguo wake.

Hatua ya 4: Pesa na karatasi

Mchango mdogo wa kila mwezi ni wa kawaida, hununua mbegu na kutengeneza mpini uliovunjika. Usikubali kulipa "pesa ya dosie" ili jina lako liingie kwenye mradi utakaokuja. Mradi wa kweli haumuuzii mtoto nafasi.

Kwa sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 10, 2009, ukiwa chini ya miaka 18 wewe ni mtoto. Mzazi au mlezi asaini pale panapohitaji saini, na wewe usiweke jina lako kwenye mkopo wowote wa kikundi, hata ukiambiwa ni la kujaza orodha tu. Klabu iliyosajiliwa kama shirika lisilo la faida hufuata sheria ya Julai 20, 2001, na viongozi wake wanapaswa kuweza kukuonyesha kanuni zao zilizoandikwa. Klabu isiyosajiliwa si lazima iwe mbaya. Vikundi vingi vizuri vya parokia havina karatasi yoyote, ila vina padri au mchungaji anayejibu simu.

Uliza pesa zinakaa wapi. Jibu zuri ni sanduku la AVEC, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, lile la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na hesabu kufanywa mbele ya wote. Pesa zote kwenye simu ya rais wa kikundi ni jibu baya, hata rais akiwa mwaminifu, kwa kuwa simu huibwa.

Hatua ya 5: Lijue shamba kabla ya kulikanyaga

Mwongozo wa kilimo wa Nairobi au Arusha usingekuwa na hatua hii. Ya Goma usiiruke.

Magharibi mwa mji, hasa Mugunga na Bulengo, kuna mazuku. Ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa, haina rangi. Usiku na alfajiri, upepo ukiwa umetulia, inajikusanya kwenye mashimo na mabondeni. Jua likipanda na upepo ukivuma, hutawanyika. Imeua watu na mifugo. Kama bustani ya klabu iko upande huo, waulize wakazi wa zamani sehemu zenyewe ni zipi, kwa kuwa wanazijua moja moja. Usishuke bondeni kabla jua halijapanda, usilale humo mchana, na ukiona ndege au panya wamekufa chini bila jeraha, rudi juu. Mwenzako akianguka humo, usimfuate. Piga kelele, ita watu wazima. Mtu wa pili huanguka hivyo hivyo.

Palipopiganwa, kama Sake, Mubambiro, Kibati na kwingine, mabomu yasiyolipuka hubaki ardhini. Kitu cha chuma usichokijua usikiguse, usikipige jiwe, usikipeleke kwa muuza vyuma chakavu. Simama, rudi kwa kukanyaga nyayo zako mwenyewe, mwambie mtu mzima. Shamba jipya kwenye eneo la namna hiyo, vijana wasiwe wa kwanza kulichimba. Klabu inayowatanguliza watoto kwenye ardhi ambayo watu wazima wanaikwepa, iache siku hiyo hiyo.

Saa ya kurudi ipangwe kabla ya kuondoka, na nauli ya motari iwe mfukoni hata kama mnakwenda kwa miguu.

Hatua ya 6: Gunia la nyumbani

Klabu hukutana mara moja kwa juma, mboga inakua kila siku. Mwanachama asiye na mmea kwake atabaki mgeni wa shamba la wenzake. Ndani ya parseli ya lava, jibu ni gunia, na mjini hapa tuna bahati moja: kifaa ambacho kwingine hununuliwa, sisi tunakikanyaga. Ni kokoto za lava.

Tafuta gunia la nailoni la kilo 50 lisilooza. Lisiwe lililobeba mbolea ya chumvichumvi wala saruji. Tafuta kopo kubwa la unga wa maziwa, ulitoboe chini na juu liwe bomba. Changanya udongo sehemu 2 na samadi iliyooza sehemu 1. Samadi ya sungura au ya kobai, yaani simbilisi, ni nzuri, nayo hupatikana kwa jirani yeyote anayewafuga chini ya kitanda. Iliyooza haina moto wala harufu kali. Ukiishika ikawa na joto, iache wiki nyingine mbili.

Liweke gunia juu ya mawe matatu au vipande vya ubao, mahali linapopata jua angalau nusu ya siku, na ulipange hapo kabla ya kulijaza. Likishajaa halihamishiki. Mimina udongo kidogo chini, simamisha kopo katikati, lijaze kokoto za ukubwa wa kipande cha ndizi ndogo ya sukari, kisha zungushia udongo pembeni hadi ukingo wa kopo. Livute kopo juu taratibu, kokoto zibaki zimesimama. Lijaze tena, udongo tena, vuta tena, hadi gunia lijae. Umepata nguzo ya mawe katikati, na hiyo ndiyo njia ya maji. Bila nguzo hiyo maji hubaki juu, mche wa chini unakufa kwa kiu na wa juu unaoza.

Toboa matundu pembeni, shubiri moja kati ya tundu na tundu, safu moja ipishane na nyingine. Tundu liwe la kupitisha vidole viwili. Likiwa kubwa zaidi udongo unamwagika kila unaponywesha. Pembeni weka lengalenga, seleri, epinari. Juu weka poaro au shu mbili tatu. Nyanya usianze nazo. Usiku wa Goma ni baridi, mvua ikizidi baka jani linazimaliza ndani ya siku chache, nawe utajiona huna mkono wa kulima, kumbe kosa ni la zao.

Maji hapa ni pesa, bido baada ya bido. Lita 5 asubuhi zinatosha gunia moja siku ya kawaida. Maji yaliyooshea mchele au mboga yanafaa, ya sabuni hapana. Mimina kwenye kokoto, si kwenye majani. Isipokuwa siku moja: volkano ikitoa moshi mwingi na mvua ya kwanza kupita ndani yake, matone huwa na asidi, na majani hutoka madoadoa ya kahawia kama yaliyounguzwa na cheche. Siku hiyo yasuuze majani kwa maji safi mapema, na mboga ya kula uioshe mara mbili.

Wadudu waondoe kwa mkono asubuhi. Dawa za kunyunyizia zinazouzwa sokoni ndani ya chupa ndogo zisizo na karatasi ya maelezo usizishike, na klabuni usikubali kuwa ndiye mpulizaji.

Lengalenga utaanza kuichuma baada ya wiki 3 hadi 4. Ichume kwa kukata ncha, usiing'oe, itachipua tena. Fungu la kwanza lipeleke jikoni lote.

Hatua ya 7: Fuata sezoni, si hamu yako

Mvua za sezoni A hunyesha Septemba hadi Desemba, za sezoni B Februari hadi mwisho wa Mei au Juni. Katikati ya mwaka ni kiangazi. Mtu anayejiunga Julai atakuta klabu imelala na atadhani imekufa. Jiunge Agosti, wakati wa kutayarisha matuta na kitalu. Hapo kila mkono unahitajika na kila kitu unakiona tangu mwanzo. Maharagi mafupi yatavunwa baada ya miezi 3 hivi, viazi kati ya 3 na 4, karoti karibu 3.

Hatua ya 8: Nenda sokoni na aliyezoea

Mavuno ya kwanza usiyapeleke peke yako. Mfuate mama mmoja anayeuza Virunga au Alanine, au Kituku ambako mitumbwi huleta chakula kutoka Minova na Idjwi, ukae kando yake asubuhi nzima. Utaona kwamba bei haikai kwenye mboga, inakaa kwenye saa. Fungu la saa moja asubuhi si la saa tisa mchana, na mboga iliyonyauka hailipi hata chukudu iliyoileta. Utaona pia jinsi anavyomwongezea mteja majani mawili matatu bila kuombwa, na mteja huyo akarudi.

Kabla ya kuuza, klabu iwe imekubaliana kwa maandishi: kiasi gani kinaliwa na wanachama, kiasi gani kinabaki kwa mbegu, kiasi gani kinaingia sandukuni. Ugomvi wa vikundi hauanzi njaa ikiwepo, huanza kukiwa na franga mezani na hakuna aliyejua mapema zitagawiwa vipi.

Hatua ya 9: Mtihani na mavuno

Mavuno ya sezoni B huangukia kwenye mitihani. Aliye mwaka wa mwisho na mtihani wa taifa, na mdogo wake wa darasa la nane, wote watakuwa na vitabu mikononi wakati maharagi yanakauka mitini. Usitoroke kimya kimya. Mwezi mmoja kabla, mwambie msimamizi utakosa Jumamosi zipi, na klabu ipange zamu kwa wasio na mtihani mwaka huo. Kwa gunia la nyumbani, mkabidhi mdogo wako au mtoto wa jirani, umwonyeshe mahali pa kumimina maji, andika jina lake na tarehe kwenye daftari la klabu, na mkubaliane malipo yake kabla hajanyanyua bido: mboga zote za upande mmoja wa gunia hadi utakaporudi.